Subira si kumwacha mgonjwa na maumivu: mwongozo kwa familia inayouguza

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Ni nyumba chache katika visiwa vyetu ambazo hazijauguza. Mama amelala chumba cha ndani, saratani imeingia mifupani, na usiku wote anaugua. Watoto wanapokezana kumshika mkono. Dawa ya maumivu aliyopewa hospitali iko juu ya kabati, haijafunguliwa, kwa sababu mjomba amesema ni "unga", au jirani amesema mwenye imani huvumilia. Kila anapougua anaambiwa, "Subiri mama, subira ina malipo." Wanaosema hivyo wanampenda, na hakuna hata mmoja anayemtakia mabaya. Lakini mama anaumia, na maumivu yale yangeweza kupunguzwa.

Katika makala hii tunaeleza kwa utaratibu yale ambayo familia inahitaji kuyajua: maana ya subira, hukumu ya tiba na ya dawa kali za maumivu, ibada za mgonjwa, adabu za kumkagua, haki za anayeuguza, na yanayotakiwa pale kupona kunapokuwa hakutarajiwi tena.

Kwanza tukumbuke kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillah. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammamu. Wakamjibu kwamba hawamuoni na ruhusa, kwa kuwa maji anayapata. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wema waliomtolea mgonjwa fatwa ngumu bila elimu. Basi kabla hatujamwambia mgonjwa wetu asitumie dawa, au avumilie, tukikumbuke kisa hiki.

1. Maana ya subira

Subira katika lugha ya dini ni kuuzuia moyo usiichukie hukumu ya Mwenyezi Mungu, kuuzuia ulimi usitamke ya kumkufuru, na kuvizuia viungo visifanye ya haramu kama kujipiga na kuchana nguo. Kunyamaza wakati unaumwa si sharti la subira, wala kukataa dawa.

Nabii Ayyub (alayhis salaam) ndiye mfano wa wenye kusubiri, na Mwenyezi Mungu amemsifu kwa subira katika Suratu Saad. Huyo huyo, katika Suratul Anbiyaa aya ya 83, anamwita Mola wake na kumweleza kuwa madhara yamemgusa. Nabii Yaaqub (alayhis salaam) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, naye anasema katika Sura Yusuf aya ya 86 kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Kulia hakukumtoa katika wenye kusubiri.

Na Mtume wetu (S.A.W.)? Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Bibi Aisha (radhiya Allahu anha) alilalamika kichwa kinamuuma, naye Mtume akamjibu kuwa bali ni yeye anayeumwa na kichwa. Abdullah bin Mas'ud alipoingia kwake akamkuta na homa kali, akamwambia kwamba homa yake ni kali sana, na Mtume alikubali kuwa anapata homa ya watu wawili. Hakuficha.

Kwa hiyo mgonjwa anaposema "naumwa", anatoa habari ambayo daktari na familia wanaihitaji. Kinachokatazwa ni kumlaumu Mwenyezi Mungu na kukata tamaa na rehema yake. Tusimfanye mgonjwa aone aibu kuugua, akaanza kuficha maumivu ili asionekane dhaifu wa imani.

Malipo ya maradhi yapo, na dalili zake ni nyingi: Muislamu hapatwi na tabu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Lakini malipo hayo ni fadhila za Mwenyezi Mungu kwa mgonjwa. Sisi hatukupewa idhini ya kumzidishia mtu maumivu ili azidi kulipwa.

2. Kutafuta tiba, na hiari ya mgonjwa

Usama bin Sharik amepokea kuwa mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii ameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Katika madhehebu ya Shafi, kujitibu kwa asili yake ni sunna. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah, likaeleza kuwa tiba inakuwa wajibu ikiwa kuiacha kunapelekea kuangamia nafsi au kiungo, au ikiwa maradhi yanaambukiza wengine.

Azimio hilo lina jambo jingine linaloihusu mada yetu moja kwa moja. Limewataka madaktari na jamaa za mgonjwa wamtie moyo, wamhudumie na wampunguzie maumivu ya mwili na ya nafsi, iwe kupona kunatarajiwa au hakutarajiwi. Huduma ya namna hii ndiyo inayoitwa tiba shufaa.

Vipi mgonjwa mwenyewe akichagua kuvumilia? Wapo wanaotaja hadithi ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamtaka amuombee. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri na apate Pepo, na akitaka amuombee apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu aombewe asikashifike anapoanguka, na Mtume akamuombea. Hadithi hii ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini tuitazame vizuri: aliyechagua ni mgonjwa mwenyewe. Mumewe hakumchagulia, wala nduguye, wala jirani. Na hata alipochagua kusubiri, haja yake ya kusitirika haikupuuzwa.

Upande wa pili pia una mafunzo. Katika maradhi yake ya mwisho, Mtume (S.A.W.) aliwaashiria watu wa nyumbani wasimtie dawa kinywani. Wao wakadhani ni kawaida ya mgonjwa kuichukia dawa, wakamtia. Alipozindukana hakuridhika, akaamrisha nao watiwe dawa ile ile vinywani mwao, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuhudhuria. Bukhari ameipokea. Tunapata hapa kuwa mgonjwa mwenye akili timamu ana neno juu ya mwili wake. Tunamshauri na tunamuombea, lakini hatumlazimishi dawa, wala hatumnyimi anayoitaka.

3. Dawa kali za maumivu: je, ni halali?

Swali hili lina uzito kwetu, na tunajua sababu yake. Visiwa vyetu vimeumizwa sana na unga. Familia nyingi zimepoteza vijana. Mtu akisikia kuwa mofini na heroini zina asili moja, ana haki ya kuingiwa na hofu.

Jibu ni kama ifuatavyo.

*Hukumu yake.* Vitu vinavyoathiri akili ni haramu kuvitumia kwa starehe, kidogo na kingi. Dawa inayotolewa na tabibu kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha haja na si kwa kulewa, ina hukumu nyingine. Wanazuoni wa Shafi wa zamani, akiwemo Imam Nawawi, walijadili mtu anayetakiwa kukatwa kiungo kilichooza, naye hawezi kustahamili ila apewe kitu cha kumpoteza fahamu. Wakaruhusu kitu kisicho pombe kwa sababu ya haja hiyo. Leo hakuna anayepasuliwa bila ganzi wala usingizi, na hakuna anayemtuhumu aliyepasuliwa kwa udhaifu wa imani. Maumivu ya saratani mifupani hayapungui yale ya kisu, tena hayaishi kwa saa moja. Kwa hiyo kutumia mofini kwa maelekezo ya daktari, pale dawa nyepesi zinaposhindwa, inajuzu, wala mgonjwa hana dhambi.

*Je, atakuwa teja?* Anayetafuta ulevi na anayetafuta kupumzika na maumivu hawako sawa. Mwili wa mgonjwa unaweza kuizoea dawa, ndiyo maana haiachwi ghafla bila daktari. Lakini kuzoea huko si uteja, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kama alivyoelekezwa ni nadra kuwa teja.

*Je, ni dawa ya kufia?* Hapana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, unaopanda ngazi kwa ngazi: dawa nyepesi kwanza, kisha zenye nguvu zaidi, mpaka kufikia mofini. Kinachoamua ngazi ni ukali wa maumivu, si siku zilizobaki. Wapo wanaoitumia kwa miezi, wakakaa kitako, wakala na kuzungumza na wajukuu.

*Namna ya kuitumia.* Haya tumeyakusanya kwa ufupi, na neno la mwisho ni la daktari wa mgonjwa:

- Dawa inatolewa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yarudi. Mofini ya kawaida ya kunywa hutolewa kila baada ya saa nne. Ikicheleweshwa, maumivu yanapanda na yanakuwa magumu kuyashusha.
- Kipimo hakiongezwi wala kupunguzwa na familia. Mgonjwa akiendelea kuumwa, daktari aambiwe.
- Karibu kila anayeitumia hufunga choo. Daktari aombwe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.
- Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu. Mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya siku chache. Wakati mwingine ni usingizi wa mtu ambaye hakulala kwa wiki nzima.
- Akiwa haamki kabisa anapoamshwa, au pumzi zake zimekuwa chache na za polepole mno, hospitali ijulishwe mara moja.
- Dawa iwekwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, iandikwe kila inapotolewa, na ikibaki irudishwe hospitali. Kwa namna hii tunamhudumia mgonjwa na tunawalinda vijana wetu kwa pamoja.

Wagonjwa wengi wa saratani kutoka Unguja na Pemba huvuka kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya kurudi nyumbani, familia iulize: maumivu yakizidi tukiwa kisiwani tumwendee nani, na dawa ikiisha tuipate wapi? Maswali haya mawili, yakiulizwa mapema, yanaokoa usiku mwingi.

4. Ibada za mgonjwa

Wako wagonjwa walioacha kuswali tangu walipolazwa, kwa kudhani kuwa bila kusimama na bila udhu kamili hakuna swala. Hili nalo ni maumivu, kwa sababu mja anahisi Mola wake amemfungia mlango. Mlango haujafungwa.

*Swala.* Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala. Akamwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Bukhari ameipokea. Asiyeweza ubavu hulala chali, akaashiria kwa kichwa, na asipoweza kwa macho, kisha kwa moyo. Kibla kwetu visiwani kiko upande wa kaskazini. Kwa hiyo mwenye kulala ubavu wa kulia aelekezwe kichwa mashariki na miguu magharibi, uso wake utaelekea kibla. Mwenye kulala chali miguu yake iwe kaskazini, na kichwa kinyanyuliwe kwa mto. Tukipanga kitanda hivyo tangu mwanzo, hatutamsumbua kila wakati wa swala unapoingia.

*Tahara.* Ikiwa maji yanamdhuru, atayammamu. Tuweke kopo la udongo safi mkavu wenye vumbi karibu na kitanda. Mwenye bendeji anaosha palipo pazima, anapangusa juu ya bendeji kwa maji, na anatayammamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa. Mwenye mpira wa mkojo, au asiyeweza kujizuia, anatawadha baada ya wakati kuingia kisha anaswali na hali yake. Ziko tafsili katika masuala haya, na sheikh wa mtaani anaweza kuja nyumbani kuyaangalia.

*Kukusanya swala.* Kauli mashuhuri ya Shafi haimruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Lakini Imam Nawawi ameichagua kauli ya kuruhusu, na ndiyo madhehebu ya Hanbal. Mgonjwa aliyechoka anaweza kuishika kauli hiyo.

*Aliyepoteza fahamu.* Akipotewa na fahamu kwa wakati wote wa swala, kwa madhehebu ya Shafi halazimiki kuilipa.

*Funga.* Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa ruhusa ya kula. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake. Asiyetarajiwa kupona anatoa kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, kama mchele, kwa kila siku, kumpa masikini. Mgonjwa anayehitaji dawa kila baada ya saa nne asione vibaya kufungua. Na akijua kuwa funga itamwangamiza, kufunga ni haramu kwake.

Mgonjwa anayehuzunika kwa ibada alizokuwa akizifanya, tumbashirie: katika Sahihi Bukhari, Abu Musa Al-Ash'ari amepokea kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Mama aliyekuwa akiamka kila usiku kuswali anaandikiwa, hata kama usiku huu amelala kwa dawa.

5. Ruqya na dua

Uthman bin Abil-As alimshitakia Mtume (S.A.W.) maumivu ya mwili. Akamfundisha aweke mkono panapouma, aseme Bismillah mara tatu, kisha mara saba ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na uwezo wake na shari ya kile anachokihisi. Muslim ameipokea. Mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe, na akishindwa, mtoto wake amwekee mkono. Suratul Fatiha na sura tatu za mwisho za Msahafu zinatosha, na hazihitaji malipo wala safari ya mbali.

Ruqya na dawa hazigombani. Aliyefundisha ruqya ndiye aliyeamrisha watu wajitibu. Anayesema mgonjwa aache dawa za hospitali ndipo asomewe amekosea. Anayedai kujua nani kamroga mgonjwa, huyo tumuepuke kabisa: anamuongezea mgonjwa khofu na anaipa familia ugomvi. Na anayetaka kupiga chuku au kumpa mgonjwa miti shamba amwambie daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa hazipatani, na mwenye damu nyepesi chuku huweza kumdhuru.

6. Adabu za kumkagua mgonjwa

Kumkagua mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Katika hadithi Qudsi aliyoipokea Muslim, Mwenyezi Mungu atamuuliza mja siku ya Kiyama kwa nini hakumkagua mja wake alipougua, na kwamba lau angemkagua angemkuta Mola wake huko. Lakini ziara njema ina adabu zake:

- Tuulize kwanza kama mgonjwa anaweza kupokea watu, na tusikae sana. Mgonjwa wa maumivu huchoka kwa kuwachangamkia wageni.
- Tusimhoji maradhi yake mbele za watu, wala tusimsimulie fulani aliyekufa kwa ugonjwa kama huo.
- Tusimwambie kuwa maradhi ni adhabu ya dhambi zake. Manabii waliugua.
- Tusikimbilie kumwambia "subiri" kabla ya kumsikiliza. Mara nyingi anataka mtu wa kumsikia tu.
- Tumuombee mbele yake ili asikie, na tumuombe naye atuombee.
- Tuje na msaada: ndoo mbili za maji, uji, kufua mashuka, au kukaa na mgonjwa saa mbili ili binti yake akalale.

Chakula nacho kisigeuzwe vita. Mwili unaodhoofika hupoteza hamu. Kijiko kimoja cha uji anachokitaka kina kheri kuliko sahani anayolazimishwa akatapika. Midomo ilowekwe kwa maji kidogo kidogo ikikauka. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia, na asitiriwe anapogeuzwa na kuoshwa. Aliye bora kumuosha ni wa jinsia yake au mwenzi wake wa ndoa. Asipopatikana, haja ina hukumu yake, na heshima ya mgonjwa ilindwe kwa kumfunika nguo.

7. Haki za anayeuguza

Katika nyumba zetu uuguzaji mara nyingi humwangukia mmoja: binti asiyeolewa, au mkamwana. Wengine wanapiga simu kutoka Muscat au London kuuliza hali, wanatuma pesa, wanatoa maagizo. Pesa inahitajika na ina thawabu zake. Lakini wema kwa wazazi waliamrishwa watoto wote, wa kiume na wa kike. Basi familia ikae, igawane zamu: nani usiku, nani mchana, nani wa hospitali, nani wa gharama.

Anayeuguza ajue daraja yake. Katika mwaka wa pili wa Hijra Waislamu walitoka kwenda Badr, vita ambayo walioipigana wana fadhila kubwa. Uthman bin Affan (radhiya Allahu anhu) hakwenda. Mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyembakisha amuuguze, akampa fungu lake la ngawira na kumwahidi malipo ya aliyehudhuria. Bukhari ameipokea. Bibi Ruqayya alifariki katika maradhi hayo. Hakupona, na malipo ya aliyemuuguza hayakupungua.

Vile vile Bukhari amepokea kuwa Ibn Umar alipata habari siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zayd anaumwa. Alipanda kumwendea, na Ijumaa ikampita. Kwa hili wanazuoni wa Shafi wamesema: mwenye mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumwangalia ana udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa.

Na anayeuguza akichoka, akalia, au akaomba kupumzika, asilaumiwe. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, kama ilivyo mwishoni mwa Suratul Baqara. Asiyelala siku tatu hukosea dawa, na hukasirika. Kumpokea kazi kwa usiku mmoja ni kumhudumia yeye na mgonjwa pia.

8. Pale kupona kusipotarajiwa

*Kumwambia kweli.* Uongo haujuzu, na kumvunja moyo mgonjwa pia si jambo jema. Njia ni kumuuliza taratibu: anataka kujua kiasi gani, na angependa nani awepo daktari akizungumza. Anayeficha kila kitu kwa huruma huenda akamnyima mgonjwa nafasi ya kulipa deni, kurudisha amana na kuombana msamaha na watu wake.

*Wasia.* Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka katika mwaka wa Hija ya Kuaga, akataka kuusia mali yake yote. Mtume (S.A.W.) akamruhusu thuluthi, na akasema kuwa hiyo thuluthi ni nyingi. Madeni yaandikwe na mashahidi wawepo, mgonjwa akiwa na akili zake.

*Kutamani mauti.* Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kutamani kufa kwa dhara iliyompata. Akiwa hana budi, amuombe Mwenyezi Mungu ambakishe maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa mauti ni kheri kwake. Mama akisema "nimechoka, bora nife", tusianze kwa kumkemea. Tumuulize: panauma wapi? Mara nyingi anachokitaka ni maumivu yaishe. Ama kumuua mgonjwa kwa kumhurumia ni haramu bila shaka. Kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo cha daktari hakumo katika hayo.

*Dhana njema.* Jabir amepokea kuwa siku tatu kabla ya kufariki Mtume (S.A.W.) aliusia kwamba mtu asife ila awe anamdhania Mwenyezi Mungu mema. Huu ni wakati wa kumkumbusha rehema, si adhabu: sadaka zake, watoto aliowafundisha Qur'ani, Ramadhani alizofunga.

*Shahada.* Ni sunna kumkumbusha anayekata roho La ilaha illa Llah. Wanazuoni wamesema asilazimishwe wala asikaririwe mno akachukia. Mmoja aitamke kwa upole karibu naye. Akiitamka aachwe, na asirudiwe mpaka azungumze jengine.

Mwisho

Turudi kwa mama aliye chumba cha ndani. Apewe dawa yake kwa saa. Ikiwa familia ina shaka ya daktari, iulize daktari, na ikiwa ina shaka ya dini, iulize wanazuoni, leo, kabla usiku mwingine haujaingia. Maumivu yakipungua, mama ataweza tena kuelekea kibla, kumtaja Mola wake, na kuwatambua wanawe wanapoingia. Hiyo nayo ni subira, na sisi tutakuwa tumemsaidia kuipata.

Ewe Mola wetu, Mola wa watu wote, waondolee wagonjwa wetu dhara, uwape shifaa isiyoacha maradhi. Wape nguvu wanaowauguza, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Wallahu a'lam.